Tupeane uzoefu: Kupiga haro ya disiki kwa trekta ndogo ya zamani

Mshale wa Dizeli
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenye trekta ndogo za zamani: Ferguson TE20, Ford 8N, Massey Ferguson 35 na nyingine za rika hilo. Kuhusu plau maelezo yapo tele. Haro, yaani safu za disiki za chuma zinazovunja mabonge baada ya plau, watu wanaiona kazi nyepesi, mtu anafunga yoyote aliyoipata, ikimshinda anasema trekta imechoka.

Mimi natumia TE20 na haro ya safu nne yenye disiki 16, upana wa mita moja na nusu hivi. TE20 ina kilo 1,100 tu au zaidi kidogo, na HP (nguvu za farasi) kati ya 20 na 28 kutegemea injini. Msimamo wangu ni kwamba kwa trekta hizi tatizo si HP, ni uzito. Haro nyepesi inaparaza juu ya ardhi. Ukiiongezea uzito inazama vizuri, lakini sasa ni trekta ndiyo inateleza. Kazi yote ni kupatanisha hayo mawili, na njia rahisi ni kupunguza upana: bora haro nyembamba na nzito kuliko pana na nyepesi. Ukiniletea haro ya mita mbili na nusu bure, kwa TE20 siichukui.

Leteni ya kwenu. Semeni trekta gani, haro gani, udongo gani.

Bibi Trekta
Asante kwa uzi, mkuu. Nina Ford 8N, na kabla yake niliendesha Ford 2N ya baba. Haro yangu inabebwa na mikono mitatu ya nyuma ya trekta: miwili ya chini ya kuinulia na mmoja wa juu. Udongo ni kichanga chenye mfinyanzi kidogo.

Wenye 2N na TE20 wajue kitu kimoja. Haidroli za trekta hizo zilitengenezwa kwa kufuata mzigo wa plau: plau ikizama, inausukuma mkono wa juu mbele, springi inabanwa, haidroli inainua kidogo. Haro haisukumi hivyo. Ndiyo maana mtu anahangaika na kile kiwiko cha kuendeshea haidroli akitaka haro ikae katikati, nayo ama inashuka yote ama inapanda yote. Usishindane nayo. Ishushe mpaka mwisho, kina ukipange kwa pembe ya safu za disiki (zinavyokaa mshazari kwa mwendo wa trekta) na kwa mzigo unaoweka juu. 8N ina kiwiko kingine chini ya kiti cha kuifanya haidroli ishike urefu uliouchagua, na hapo unapumua.

Jingine ni kona. Pampu ya haidroli kwenye 2N, TE20 na 8N inazungushwa kupitia klachi. Ukikanyaga klachi, haro haipandi. Kwa hiyo unainua ukiwa bado unatembea, haro ikishatoka ardhini ndipo unakata kona. Anayetoka kwenye trekta za kisasa lazima hili limsumbue siku za mwanzo.

Fundi Mapipa
Mimi naziona haro zikija kutengenezwa, na ugonjwa ni uleule: bolti ndefu inayopita katikati ya disiki imelegea. Disiki, spuli (vipande vinavyotenganisha disiki) na beringi vyote vinabanwa na hiyo bolti moja. Ikilegea kidogo, disiki inaanza kucheza kwenye shafti ya pembe nne, na lile tundu la mraba linakuwa duara. Likishakuwa duara hakuna kubana, ni kununua disiki au kuchomelea, na kuchomelea disiki mimi sikushauri kwa sababu chuma chake kigumu kinapasuka pembeni ya weldi.

Haro ikiwa mpya kwako, au ukiwa umeifungua, fanya kazi kidogo kisha simama ubane tena. Spana iwe ndefu, na uongeze bomba kwenye mpini.

Haro kuukuu za kuvutwa, nyingine zina beringi za mbao ngumu zilizolowekwa oili. Usicheke. Ukizipaka grisi mara kwa mara zinafanya kazi, na zikiisha unachonga nyingine. Grisi unaisukuma mpaka ile chafu yenye mchanga itoke nje, siyo kubonyeza bomba la grisi mara moja halafu basi.

Kijana wa Visiki
Shikamooni wakubwa. Nina Massey 35 na haro nyepesi ya kubebwa. Shamba ni nyasi za miaka mingi, halijawahi kuguswa. Haro inapita juu tu, inachana majani. Nimeambiwa nimpakie mdogo wangu akae juu ya fremu awe uzito. Mnasemaje?

Bibi Trekta
Hapana! Mtu si uzito. Fremu inaruka, akiteleza anaangukia mbele ya disiki, na wewe umegeuza uso mbele hujui. Funga mawe, gogo, au mifuko ya mchanga, na uifunge kwa mnyororo ili isidondoke. Mdogo wako akae pembeni ya shamba.

Mkulima wa Jioni
Kijana, hapo haro siyo chombo cha kuanzia. Nyasi za miaka mingi zina mtandao wa mizizi, unahitaji plau igeuze kwanza, halafu haro inavunja mabonge. Ikiwa plau huna kabisa, fyeka chini sana, majani uyaondoe, subiri mvua ilainishe ardhi kisha ikauke kiasi. Disiki za mbele ziwe zile zenye meno, zinakata mizizi ambapo duara tupu inapanda juu yake. Pembe ya safu iwe kubwa, mzigo juu, na upite tena kwa mshazari. Usitarajie kitanda cha mbegu kwa mpito wa kwanza.

Kuhusu unyevu: chukua udongo wa kina unachotaka kulima, uufinye kiganjani. Ukibaki bonge linalong'aa, rudi nyumbani. Ukivunjika ukiugusa kwa kidole, washa trekta. Kupiga haro udongo mbichi unatengeneza matofali, na disiki zinagandamiza chini tabaka gumu ambalo mizizi haitapita.

Mzee wa Mnyororo
Mnasifia za kubebwa, mimi ni mtu wa haro ya kuvutwa. Trekta ndogo haiwezi kuinua haro nzito, lakini inaweza kuivuta. Na ukiinyanyua haro nzito nyuma ya trekta nyepesi, mbele panakuwa pepesi, usukani hausikii, hasa kwenye mlima.

Ila ya kuvutwa ina masharti yake. Usirudi nyuma safu zikiwa na pembe, utapinda fremu. Kona iwe pana. Mimi nalima kwa kuzunguka, sirudi kwenye mstari uleule. Na mnyororo ufungwe chini, kwenye upau wa kuvutia. Anayefunga juu ya ekseli, au pale unapokaa mkono wa juu, anatafuta trekta imlalie: haro ikinasa kisiki, magurudumu ya nyuma yanaendelea kuzunguka, pua inapanda, na trekta hizi nyingi hazina fremu ya kumkinga dereva. Inatokea haraka kuliko mguu unavyofika kwenye klachi.

Mshale wa Dizeli
Mzee, shikamoo, umenena. Nakubali kuhusu mzigo wa mbele, ndiyo maana yangu ina vyuma vya uzito kwenye bampa.

Kwa matairi ya nyuma mimi nimejaza maji. Valvu unaiweka juu, unajaza mpaka maji yafike usawa wake, hiyo ni karibu robo tatu ya tairi. Kwa tairi za TE20 ni kama lita 100 kila upande, kilo 200 hizo bila kununua chuma. Wanaoishi kwenye baridi ya kugandisha wasitumie maji matupu.

Fundi Mapipa
Sawa, ila msipitilize. Tairi kuteleza kidogo ndiyo fyuzi ya trekta ya zamani. Ukiizuia kabisa isiteleze, nguvu inaishia kwenye klachi, kwenye gia, na kwenye ekseli yenye miaka 70. Ikiteleza sana, punguza pembe ya disiki kabla hujaongeza uzito. Watu wanakimbilia mawe wakati wrenchi mbili zingemaliza kazi.

Na gia: anza ya pili, uone. Haro inataka mwendo, kilomita 6 mpaka 8 kwa saa, ndipo disiki inarusha udongo na kuuvunja. Ukitambaa inakata tu mistari. Injini ikianza kunguruma kwa shida, haro ni pana mno kwako, au umepanga pembe kubwa mno.

Kijana wa Visiki
Asanteni sana. Nimeazima plau, nimegeuza, haro sasa inazama. Ila nyuma yangu katikati panabaki tuta, na kuna mstari haujaguswa. Ni disiki zimeisha?

Fundi Mapipa
Si lazima. Safu za mbele zinarusha udongo nje, za nyuma zinaurudisha ndani. Tuta katikati maana yake za nyuma zinakata zaidi ya za mbele. Fupisha mkono wa juu mizunguko michache, haro iiname mbele, jaribu tena. Ikigeuka mtaro katikati, umepitiliza, rudisha kidogo. Ule mstari usioguswa ni pengo kati ya safu mbili za mbele, haro za aina hii nyingi zinao. Pishana nusu ya upana kwenye mpito unaofuata, utaondoka.

Kijana wa Visiki
Nimefupisha, tuta limelala. Bado upande wa kulia unazama kuliko kushoto.

Mzee wa Mnyororo
Mkono wa kulia wa kuinulia una kishikio cha kuzungusha. Simamisha trekta mahali tambarare, uzungushe mpaka fremu iwe sawa pande zote.