Mimba na kazi ya kiwandani: bamama wa Lubumbashi, tupeane uzoefu

MamaKatuba: Leo asubuhi nimemkuta binti mbele ya duka la dawa, bado amevaa buti za kazi, anahesabu siku kwa vidole. Nikajiona mimi mwaka 2014.

Nilikuwa injinia kijana kwenye ukumbi wa elektrolisi, pale shaba inapojishika kwenye sahani. Mnaujua ule mvuke wa asidi: meno yanakufa ganzi, fulana ya pamba inatoboka matundu matundu kifuani. Mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitatu mitatu, kwa hiyo mimba nikaificha. Nilijifunga kitenge ndani ya ovaroli. Wiki ile tangi likafunguliwa, tukashuka kuzoa matope ya chini, yale yanayodondoka kwenye anodi, zile sahani za risasi (metali ya plomb, siyo ya bunduki) zinazopitisha umeme. Saa nane usiku nikasikia moto mapajani. Nikadhani asidi imenimwagikia. Nikakimbilia bomba nijimwagie maji, ndipo nikaona damu. Miezi mitano. Alikuwa wa kike. Daktari hakunitajia sababu, na hakuna aliyenipima risasi kwenye damu. Shefu aliniuliza tu kama kesho naingia.

DadaKenya: Pole yaya, dada yangu mkubwa. Mvuke ule naujua.

FundiRuashi: Poleni. Lakini ndiyo maana tunasema kazi ya tangi iachiwe wanaume.

BintiKampemba: Ee kaka! Kuna utafiti wa hapa hapa Lubumbashi, ulitoka 2020 katika jarida la kisayansi la Lancet Planetary Health. Walilinganisha watoto waliozaliwa na kasoro na waliozaliwa wazima. Kilichojitokeza kuliko vyote ni baba kufanya kazi ya madini. Baba! Ovaroli yako anaifua nani?

FundiRuashi: Mke wangu. Beseni moja na nguo za mtoto.

BintiKampemba: Basi kuanzia leo ibaki kazini.

MamaBiashara: Kunyweni maziwa, yanasafisha.

NesiKamalondo: Mama, maziwa hayaondoi risasi. Inakaa mifupani miaka na miaka. Mimba ikidai kalsiamu, mfupa unaiachia pamoja na risasi, nayo inapita kondo hadi kwa mtoto. Na viungo vyake vinaumbika wiki ya 3 hadi ya 8 tangu mimba itungwe, wengi wetu hata hatujajua. Pimeni damu kabla ya kutafuta mtoto.

MamaBiashara: Mama yangu alikunywa maziwa, akazaa tisa.

DadaKenya: Mimi nilisema mapema, wakanihamishia ofisi ya mipango. Nenda na karatasi ya daktari, ubaki na kopi.

Likasi88: Mimi pia nilisema mapema. Msimdanganye binti.

DadaKenya: Sheria ya kazi ya Kongo ya 2002 inatupa wiki 14 za uzazi, na mimba si sababu halali ya kufukuzwa.

Likasi88: Hawakunifukuza. Mkataba uliisha, hawakuandika mwingine.

MamaKatuba: Yule binti nilimpa namba yangu, amepiga sasa hivi. Ana zamu ya usiku, basi linampitia saa kumi na mbili. Nimwambie nini?

NesiKamalondo: Asishuke tangini. Aseme tumbo linamuuma, na kesho asubuhi umlete kwangu.