Mashine ya kufulia inapotoa maji, sinki la jikoni linafurika: kosa liko wapi?

Mpangaji, Kisumu

Hamjambo nyote. Ninaishi ghorofa ya pili katika nyumba ya kupanga hapa Kisumu, na kwa kuwa mfereji pekee unaofaa uko jikoni, mashine yangu ya kufulia, ile ya mlango wa mbele, imekaa kando ya sinki. Fundi aliyeifunga alitoboa bomba la sinki upande wa chini, akauingiza humo mpira wa kutolea maji. Kwa miezi mitatu sikuona tatizo lolote. Sasa kila mashine inapotoa maji, maji ya kijivu yenye povu hupanda ndani ya sinki, na Jumamosi iliyopita yalimwagika sakafuni hadi yakapenya kwenye dari ya jirani wa chini, mama mzee ambaye nilimwomba radhi kwa aibu kubwa. Yakishashuka, bomba hukoroma na jikoni hubaki harufu mbaya.

Fundi mmoja ameniambia ninunue pampu mpya, na rafiki yangu ananishauri nimimine kostiki soda. Kwangu tunapika samaki au omena karibu kila siku, ikiwa hilo linahusika. Naomba kujua kwanza kama kosa ni la mashine au la bomba, kwa maana sitaki kulipia kitu ambacho hakijaharibika.

Fundi bomba, Nakuru

Pole sana, dada. Usinunue pampu. Pampu ikiwa mbovu, maji hubaki ndani ya mashine na nguo hutoka zimelowa chapachapa. Yako inayasukuma maji vizuri, ila yakifika pale mpira unapoungana na bomba la sinki yanakuta njia ya mbele imebana, basi yanapanda juu kwenye sinki kwa sababu huko hakuna cha kuyazuia. Kizuizi kiko mbele ya maungio hayo.

Zima mashine, jaza sinki hadi nusu, kisha ng'oa kizibo utazame. Maji yakishuka polepole, anza na ile chupa ya plastiki iliyofungwa chini ya sinki: weka ndoo chini yake, ifungue kwa mkono na uisafishe. Kazi ya chupa hiyo ni kubakiza maji kidogo yanayoizuia harufu ya bomba isipande, lakini magamba ya samaki na mabaki ya ugali hutuama humo humo. Mafuta ya kukaangia nayo huteremka yakiwa moto, yakipoa huganda kwenye kuta za bomba, kisha nyuzi za nguo zinazotoka kwenye mashine hunasa juu yake, tabaka baada ya tabaka. Ndiyo maana tatizo lilikawia miezi mitatu kujitokeza. Kule kukoroma ni hewa inayovutwa maji yanapoondoka kwa kishindo na kuiacha chupa bila maji ya kutosha, na hapo harufu hupata njia.

Ukiona chupa ni safi na bado maji hayaendi, kizuizi kiko ndani ya ukuta, na dawa yake ni waya wa kuzibulia unaozungushwa polepole, si nguvu. Muulize pia yule mama wa chini kama sinki lake hufurika. Bomba kuu la jengo likiziba kwa chini, yeye ndiye angefurikiwa kabla yako, na hapo jukumu ni la mwenye nyumba.

Mkazi wa Kakamega

Naongeza neno juu ya kostiki soda, kwa sababu iliniumiza. Niliimimina kwenye bomba lililoziba kabisa, ikatuama pale pale, ikageuza sehemu ya mafuta kuwa sabuni ngumu, na kaka yangu alipofungua chupa ya sinki siku iliyofuata aliungua mkono. Tena usiipimie wala kuikorogea kwenye sufuria ya alumini, maana huila alumini na kutoa gesi inayoweza kushika moto. Ikiwa umekwisha kuimimina, mwambie fundi kabla hajagusa chochote.

Mpangaji, Kisumu

Nashukuru sana, na nimefurahi kwamba sikuimimina. Maji yalishuka polepole, nikaifungua chupa, na ndani mlikuwa na donge jeupe la mafuta lililoshikana na nyuzi kama sufi. Yule mama anasema sinki lake halina shida. Sasa sinki linatoa maji mara moja. Hata hivyo, nilipokuwa nasafisha nilichomoa ule mpira nikaulaza sakafuni, ukiwa umeelekea kwenye tundu la maji la sakafu, na sasa mashine inaingiza maji bila kujaa. Je, nimeharibu kitu?

Fundi bomba, Nakuru

Hujaharibu kitu, dada. Mpira ukilala chini kuliko maji yaliyo ndani ya mashine, maji hujitoa yenyewe huku mengine yakiingia. Unyanyue, kilele chake kiwe kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Kitabu cha mashine yako kitakupa kipimo kamili. (Mashine za matangi mawili zisizo na pampu ni kinyume chake: hizo mpira wake lazima ulale chini.)

Usiurudishe kwenye tundu la zamani la bomba la sinki; lizibe. Mwombe mwenye nyumba ruhusa ya kuweka bomba la wima la inchi moja na nusu lenye mtego wake wa maji (unaozuia harufu kama ile chupa ya sinki), na mpira uingie juu yake ukiwa umelegea, bila kuzungushiwa gundi wala utepe, ili hewa ipite. Wakati ukisubiri, utundike kwenye ukingo wa sinki na uufunge kwa kamba imara, kwa sababu pampu ikianza mpira huruka. Kila mwezi fungua pia kichujio kilicho chini mbele ya mashine, maji yakiwa yamepoa na plagi imechomolewa.

Mpangaji, Kisumu

Nimeufunga kwenye ukingo wa sinki kwa sentimita 85, na mashine imefua mizigo miwili bila tone sakafuni. Kesho naenda kumwona mwenye nyumba kuhusu bomba la wima, na fundi wa rangi anakuja kwa yule mama Jumatano.