Mjadala: Kishikwambi apewe nani, mtoto au mwalimu?

MLETA MADA
Wakuu, baada ya Sensa ya 2022 vishikwambi (tableti) vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa walimu nchi nzima. Sasa naona hoja inakolea kwamba hatua inayofuata ni kimoja kwa kila mwanafunzi, ili kila mtoto asome kwa kasi yake. Napinga, na nitasema kwa nini.

Chukua darasa la tatu lenye watoto 80. Wapo wanaosoma hadithi nzima, wapo wanaokwama kwenye silabi. Tafiti za Uwezo, mpango unaopima watoto kusoma na kuhesabu, zimepima hilo kwa miaka: silabi, maneno, aya, hadithi. Na kila mara wanakutwa watoto wa la tatu wasiomudu hadithi ya la pili. Mwalimu analijua hilo kwa jumla, ila ukimuuliza nani hasa yuko wapi, atakutajia wanaoongoza na watukutu. Wa katikati hawaonekani. Kishikwambi chake kimoja kinatosha kutunza kumbukumbu: amsikilize kila mtoto dakika mbili, aandike alipofikia, wiki ijayo ajue akae na nani. Kumfuata mtoto pale alipo kunaanzia hapo.

Kenya wamejaribu njia zote mbili. Kampeni za 2013 ziliahidi kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. 2016 zikaanza kuja tableti, mwishowe zaidi ya milioni moja. Miaka hiyohiyo mradi wa Tusome, ulioenezwa nchi nzima kuanzia 2015, ulimpa kila mtoto kitabu chake, tableti wakapewa maafisa wanaowatembelea walimu darasani. Uliopandisha usomaji ni Tusome.

MCHANGIAJI, TANGA
Mkuu, Tanga umeiruka makusudi? Shindano la Global Learning XPRIZE, la kutafuta programu za kumwezesha mtoto kujifunza kusoma mwenyewe, liligawa tableti kwa watoto wapatao 2,700 vijijini huku, masomo kwa Kiswahili, vituo vya kuchajia vya sola, mwalimu hakuna. Zaidi ya asilimia 90 walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa takriban nusu. Mei 2019 timu mbili zilizoshinda, Kitkit School na onebillion, zikagawana dola milioni 10. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamewahi kukanyaga shule. Huyo mwalimu wako mwenye kumbukumbu nzuri wangempata wapi?

MLETA MADA
Hoja nzito, nakubali nusu. Pasipo na mwalimu, tableti ni bora kuliko mtoto kukaa bure. Lakini hesabu yako ina upande wa pili: miezi 15 na kifaa mkononi, karibu nusu yao bado neno moja liliwashinda. Na mimi nazungumzia watoto waliokwisha kuingia darasani.

MCHANGIAJI, KENYA
Huku kwetu kuna shule ambazo tableti zilifungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu, na sidhani ulikuwa uvivu. Kifaa kikiibwa, ataulizwa yeye. Kikikaa kabatini mwaka mzima, hakuna wa kumuuliza.

MWALIMU WA LA TATU
Mnaongea kana kwamba mwalimu ana mikono sita. Kishikwambi changu kazi yake kubwa ni kujaza taarifa za wakubwa, na bando natoa mfukoni mwangu. Dakika mbili kwa watoto 80 ni saa mbili na dakika arobaini. Sawa, nikizigawa kwa wiki linawezekana. Swali langu ni hili: nikikaa na kundi la silabi, hawa wa aya na hadithi nawaacha na nani? Wakianza kelele, mwalimu mkuu atasimama mlangoni kwangu, si kwako.

MLETA MADA
Mwalimu, hapo ndipo ningeweka vishikwambi vya wanafunzi. Kumi, si themanini, na viende kwa wanaosoma aya, maana hao wanaweza kufuata maelekezo wenyewe. Wewe ubaki na wa silabi, ambao wakikosea wanahitaji mtu wa kuwasahihisha papo hapo.

MWALIMU WA LA TATU
Basi siku ya kikao cha wazazi uje wewe, ndugu yangu, umweleze mama wa mtoto wa silabi kwa nini vifaa wamepewa wale wanaojua kusoma tayari.