Fomu ya maombi ya mtandaoni: HTML asilia, maktaba ya vipengee, au kiraka cha ufikivu?

fundi_fomu (Dodoma)

Wakuu, habari za kazi. Tunaijenga upya fomu ya maombi ya kujiunga na vyuo vya ufundi. Waombaji wengi wanatumia simu, na miongoni mwao wapo wasioona na wenye uoni hafifu. Msimu uliopita baadhi yao walilazimika kwenda stesheneri wajaziwe na mtu baki, wakamtajia hadi nywila na matokeo yao ya mtihani. Jambo hilo linaniuma, sitaki lijirudie.

Mezani nina njia tatu. Ya kwanza ni HTML asilia, yaani tagi za kawaida ambazo kila kivinjari kinazijua: button, label, select, fieldset, na JavaScript kidogo tu. Ya pili ni maktaba ya vipengee vilivyokwisha kutengenezwa juu ya React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa), vyenye ARIA ndani yake, yaani maelezo ya ziada yanayokiambia kisoma skrini kila kitu ni nini. Ya tatu ni kuiacha fomu ya zamani kama ilivyo, kisha kuibandikia kiraka cha ufikivu (ufikivu ni kumwezesha hata mwenye ulemavu kuutumia ukurasa), yaani mstari mmoja wa JavaScript unaoleta kidude pembeni mwa ukurasa chenye vitufe vya kukuza maandishi, kubadili rangi na kadhalika.

Bosi ameipenda ya tatu kwa sababu inakamilika siku moja. Naomba hoja za kumpelekea.

kisauni_dev (Mombasa)

Ya tatu iondoe kabisa, ndugu yangu. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliitaka kampuni ya accessiBe, inayouza kiraka cha aina hiyo, ilipe dola milioni 1 kwa kudai kwamba zana yake inaweza kuifanya tovuti yoyote itimize masharti ya WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti. Mwambie bosi hilo kwanza.

Halafu mweleze sababu ya kiufundi. Kiraka hakijui maana ya fomu yako. Kisanduku kisicho na lebo kitabaki bila lebo, au kitabahatishiwa lebo. Na kukuza maandishi, kila kivinjari tayari kinafanya.

sikio_kali (Morogoro)

Mimi sioni tangu utotoni. Kwenye kompyuta natumia NVDA na Firefox, kwenye simu TalkBack na Chrome. NVDA na TalkBack ni visoma skrini, programu zinazonisomea kwa sauti kilichomo kwenye skrini. Nazungumza kama mtumiaji.

Vile vidude vya pembeni hunizuia. Nafika kwenye ukurasa na kisoma skrini changu, kasi yangu, sauti yangu, njia za mkato nilizozizoea kwa miaka. Kidude kinajitokeza kinataka kunisomea ukurasa kwa sauti yake juu ya sauti yangu. Mara nyingine kinaninyang'anya fokasi, yaani mahali nilipo kwenye ukurasa, nikiwa katikati ya kuandika.

Mnachopaswa kujua ni hiki: sisi hatutazami ukurasa, tunauuliza. Nikibonyeza B kwenye NVDA naruka hadi kitufe kinachofuata. H inanipeleka kwenye kichwa cha habari, F kwenye sehemu ya kujaza. Kama "kitufe" chenu ni div (tagi ya kufungia tu, isiyo na maana yake) iliyopakwa rangi ya bluu, nikibonyeza B sikipati. Kwangu hakipo. Kuna fomu moja niliyoijaza yote, kurasa nne, nikakwama mwisho kwa sababu neno Tuma lilikuwa maandishi matupu. Jirani alinibonyezea kwa kipanya.

Kwa hiyo kura yangu ni ya kwanza.

gecko_mwitu (Nairobi)

Dada sikio_kali ameligusa lenyewe. Wacha niongeze kinachotendeka ndani ya kivinjari, maana hapo ndipo viwango huria vinapoonyesha faida yake.

Kivinjari kikisoma HTML hujenga mti wa DOM (ramani ya vitu vyote vya ukurasa), kisha kutokana na huo hujenga mti wa pili, wa ufikivu. Kila kitu kilichomo kina wajibu (kitufe, kiungo, kisanduku), jina, na hali (kimechaguliwa, kimefungwa, kina kosa). Mti huo hupelekwa kwenye mfumo endeshi: Windows hupitia njia ziitwazo IAccessible2 na UI Automation, Linux AT-SPI, Android ina njia yake, Apple yake. Kisoma skrini husoma kutoka huko. Ukiandika button, W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, imeshaeleza kwa mifumo mikuu kipelekwe kama nini, na namna ya kukokotoa jina lake. Ndiyo maana tagi ileile inafanya kazi kwenye visoma skrini vya NVDA, JAWS, VoiceOver na TalkBack bila wewe kuandika msimbo wa kila mmoja.

ARIA nayo ni kiwango huria, na historia yake ni nzuri. IBM ndiyo iliyochangia sana mwanzoni, na Firefox 1.5 ya 2005 ilibeba kazi hiyo kabla W3C haijaipitisha ARIA 1.0 mwaka 2014. Lakini wengi wanakosea jambo moja: ARIA hubadilisha maelezo tu, haibadilishi tabia. Ukiandika role="button" kwenye div, umetoa ahadi kwamba hiki ni kitufe. Kukifanya kifikike kwa Tab, kiitikie Enter na Spesi, yote hayo ni juu yako. Mwongozo wenyewe wa ARIA unaanza kwa kusema: kama ipo elementi asilia inayofaa, itumie hiyo. Na WebAIM, wanaokagua kurasa za mbele za tovuti milioni moja kila mwaka, wamekuta mara kwa mara kwamba kurasa zenye ARIA zina makosa mengi zaidi kwa wastani kuliko zisizo nayo. Hiyo haithibitishi kwamba ARIA ndiyo iliyoyaleta, kurasa hizo pia huwa na mambo mengi, ila ni onyo la kutosha.

Mwaka 2024 asilimia 95.9 ya kurasa hizo milioni zilikuwa na makosa ya WCAG yanayoweza kugunduliwa na mashine. Kosa lililoongoza ni maandishi yaliyofifia. Fundi, angalia rangi zako: maandishi ya kawaida yanahitaji utofauti wa 4.5 kwa 1 na mandhari yake.

dada_wa_bando (Mwanza)

Mmesahau simu zenyewe. Huku kwetu wengi wako kwenye Opera Mini ili bando lidumu. Ikiwa kwenye kiwango cha juu cha kubana data, ukurasa unachakatwa kwenye seva za Opera na simu inapokea matokeo yaliyobanwa. JavaScript haina uhuru wake wa kawaida hapo. Fomu ya HTML asilia inatumwa vizuri. Ile ya React inayosubiri msimbo wote ushuke ndipo ijichore, mara nyingi hubaki nyeupe.

Na simu za zamani zinaachwa nyuma. Chrome 139 ya 2025 inataka Android 10 kwenda juu. Mwenye Android 8 ataendelea na kivinjari kilekile alicho nacho, hakitapata kipya tena. Huyo naye anaomba chuo.

fundi_fomu (Dodoma)

Asanteni sana, la tatu limekufa. Lakini kati ya la kwanza na la pili bado nina maswali. Mbunifu wetu anasema select ya kawaida (orodha ya kuchagua) inaonekana tofauti kwenye kila simu. Na orodha ya vyuo ni ndefu mno, mamia. Tarehe ya kuzaliwa je?

mzee_wa_viwango (Berlin)

Vijana, shikamooni nimeipokea kimoyomoyo. Hapa ninatofautiana kidogo na gecko_mwitu. Kwa orodha ya mamia ya vyuo, select peke yake ni adhabu kwa anayeona na asiyeona. Inahitajika sehemu ya kuandika herufi chache kisha mapendekezo yatokee, na HTML bado haina jibu zuri la hilo. Hapo maktaba iliyojaribiwa, kwa mfano React Aria ya Adobe, ina thamani ya kweli. Watu wamekaa na visoma skrini mbalimbali wakarekebisha kasoro ambazo wewe usingezijua. Kujiandikia mwenyewe kipengee kama hicho ndilo chaguo baya kuliko yote.

Kuhusu sura ya select, mwambie mbunifu kwamba kuanzia Chrome 135 unaweza kuipamba kwa CSS kwa kutumia appearance: base-select. Kivinjari kisichoijua kitaonyesha select ya kawaida na fomu itaendelea kufanya kazi. Viwango vikiheshimiwa, kipya hakivunji cha zamani.

Na mkumbuke vivinjari ni vingi kwa majina, injini (sehemu ya ndani inayousoma na kuuchora ukurasa) ni chache. Chrome, Edge, Opera na Samsung Internet zote zinaendeshwa na Blink. Edge ilikuwa na injini yake hadi Microsoft ilipohamia Chromium, msingi huria wa Chrome, Januari 2020. Safari ni WebKit, na kwenye iPhone kwa miaka mingi kivinjari chochote kililazimika kuwa WebKit ndani; Umoja wa Ulaya Apple imeruhusu injini nyingine tangu iOS 17.4 ya Machi 2024. Firefox imebaki na Gecko. Mkijaribu kwenye Chrome tu, mtakuwa mnajenga kwa tabia za injini moja badala ya kiwango. Korea Kusini ilijifunza kwa gharama kubwa: kwa miaka mingi huduma zake za benki mtandaoni zilitegemea ActiveX, teknolojia ya Microsoft, hivyo Internet Explorer pekee ndiyo iliyofaa.

gecko_mwitu (Nairobi)

Mzee, shikamoo kwa niaba ya wote. Nakubali kuhusu kipengee cha mapendekezo, ila maktaba nzima kwa ajili ya kisanduku kimoja? Fomu inaweza kuuliza mkoa kwanza, kisha ukurasa unaofuata ukaleta vyuo vya mkoa huo tu. Select fupi mbili.

sikio_kali (Morogoro)

Mkoa kisha chuo, tafadhali. Vile visanduku vya mapendekezo hata vikitengenezwa vizuri, kwenye TalkBack napata shida kujua mapendekezo yametokea lini. Ila Mzee yuko sahihi kwa wanaojua jina la chuo tayari, mikoa mingine ina vyuo vingi.

Tarehe ya kuzaliwa msiweke kalenda. Kurudi nyuma miaka ishirini, mwezi mmoja mmoja, kwa kutelezesha kidole! Wekeni sehemu tatu za kuandika: siku, mwezi, mwaka.

kisauni_dev (Mombasa)

Ndivyo wanavyofanya hata GOV.UK, tovuti ya serikali ya Uingereza, kwa tarehe ambayo mtu anaikumbuka, na msimbo wao uko wazi, unaweza kuusoma. Sehemu tatu ndani ya fieldset moja (kundi) yenye legend (kichwa cha kundi), kila moja na label yake, na inputmode="numeric" ili simu ilete kibodi ya namba.

Kwa namba ya uthibitisho inayotumwa kwa SMS, weka autocomplete="one-time-code" na usizuie kubandika. WCAG 2.2 ya Oktoba 2023 inataka kuingia kwenye akaunti kusilazimishe mtu kukariri au kunakili herufi kwa mkono. Kapcha (jaribio la kuonyesha wewe si roboti) ya picha pekee pia haifai. Mkenya mwenzangu akipita hapa ajue tuna kiwango chetu, KS 2952 cha 2022, kinachohusu ufikivu wa bidhaa na huduma za TEHAMA.

fundi_fomu (Dodoma)

Nimeelewa. Tunakwenda na HTML asilia, kurasa fupi fupi, mkoa kisha chuo, tarehe sehemu tatu. Nani yuko tayari kutujaribia? Tutalipa muda wenu, nimeshazungumza na bosi.

sikio_kali (Morogoro)

Nipo, na nitawaleta wenzangu wawili, mmoja anatumia JAWS. Kabla ya kututumia, fungua mstari wa kwanza kabisa wa ukurasa. Kiolezo cha Vite (zana ya kuanzishia miradi ya wavuti) na vingine vingi huja na lang="en". NVDA ikiona hivyo inabadili sauti kwenda Kiingereza, na maswali yote ya Kiswahili yanasomwa kwa kanuni za Kiingereza, sielewi kitu. Sauti ya eSpeak NG inayokuja ndani ya NVDA inakijua Kiswahili, inasubiri kuambiwa tu. Andika lang="sw", na penye sentensi ya Kiingereza iwekee hiyo peke yake lang="en".

Pia ujumbe wa makosa usiwe rangi nyekundu tu. Uandike maneno, uunganishe na sehemu husika kwa aria-describedby, na unipeleke pale kwenye kosa la kwanza.

fundi_fomu (Dodoma)

Nimefungua sasa hivi. Ni lang="en" kweli, kurasa zote. Narekebisha usiku huu, kiungo cha majaribio nitakuwekea kwenye ujumbe binafsi kesho asubuhi.