Ushauri: TAZARA kutoka Mbeya kwa siku moja, kipande kipi kinafaa?

Mpenda Reli (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mbeya, nina siku moja tu ya mapumziko. Nataka kupanda treni kwa ajili ya reli yenyewe: mahandaki, madaraja, kona za mlimani. Nimesikia uhondo wote upo kati ya Makambako na Mlimba. Naweza kutoka asubuhi na kulala nyumbani usiku? Nikate tiketi ya daraja lipi? Na kamera je? Naomba kuwasilisha.

Taruma la Zege
Mkuu, kwa siku moja Mlimba isahau. Makambako–Mlimba ni kilomita 157 za reli zenye mahandaki 18 na madaraja 46, na treni haikimbii pale. Shida kubwa zaidi ni kurudi. Njia ya kupandia Njombe kupitia Madeke na Lupembe ina vumbi refu, mvua ikinyesha gari zinakwama. Ya Ifakara inakuzungusha hadi Mikumi ndipo uikute barabara kuu. Tenga siku mbili au tatu, la sivyo badilisha kipande.

Kinachowezekana kwa siku moja ni Mbeya–Makambako kwa treni, kurudi kwa basi. Ni karibu kilomita 200 za reli. Mara tu ukitoka Mbeya unapita Uyole, sehemu ya juu kuliko zote kwenye reli nzima ya kilomita 1,860: mita 1,789. Baada ya hapo unashuka ukiwa na bonde la Usangu upande mmoja na milima upande wa pili. Makambako ipo kwenye barabara kuu, kwa hiyo mabasi ya kurudi Mbeya hayakosekani, ila usiku yanapita yamejaa.

Mama Kipengere
Naongezea hapo kwa Taruma. Angalia kwanza treni inaelekea wapi. Ile ya masafa marefu inayotoka Dar alasiri huukuta mlima (kipande cha Mlimba–Makambako) usiku au alfajiri. Ndiyo maana wapenda picha hawanuni ikichelewa: ikichelewa kwa saa tatu nne, mahandaki yote unayaona kweupe. Inayotoka Kapiri Mposhi, mwisho wa reli kule Zambia, kwa kawaida inakuja kuuteremka mlima giza limeshaingia, hata kama Mbeya ilipita mchana. Hiyo inafaa kwa Uyole na Usangu tu.

Kuna pia treni ya Udzungwa, ambayo wenyeji wanaiita kipisi, inayohudumia vituo vya bonde la Kilombero na kupanda hadi Makambako. Kwa anayetaka kuuona mlima hiyo ndiyo yenyewe. Lala Makambako, uliza stesheni siku inazotembea kipindi hicho, ndipo ukate tiketi. Usipange kwa ratiba ya mwaka jana.

Taruma la Zege
Na siku ya safari usiulize "treni inafika saa ngapi?" Utajibiwa kilichoandikwa. Muulize stesheni masta imeshapita kituo gani. Ikiwa inatoka Zambia, kumbuka saa zao zipo nyuma yetu kwa saa moja. Ukipigiwa simu na mtu aliyeko Nakonde, ongeza saa hiyo kabla hujaondoka nyumbani. Stesheni ya Mbeya ipo nje ya mji, upande wa Iyunga, barabara ya Tunduma, kwa hiyo hesabu na muda wa daladala.

Mpenda Reli
Ahsanteni. Basi naanza na Usangu, mlima nitaupangia siku nyingine. Tutakuwa wawili, mimi na mke wangu. Tiketi na upande wa kukaa?

Behewa la Nyuma
Daraja la kwanza chumba kina vitanda vinne, la pili sita. Wanaume na wanawake hutenganishwa, hivyo mkitaka kukaa pamoja lazima mlipie chumba kizima. Kwa safari ya mchana ni hasara, kateni viti.

Upande usikuumize kichwa. Reli inajikunja mno, hasa mlimani, bonde linahama kulia na kushoto. Cha muhimu ni behewa: omba la nyuma. Kwenye kona unakiona kichwa cha treni mbele yako, na picha inakuwa na treni ndani yake badala ya majani matupu. Kasoro yake ni moshi. Treni ikipanda, injini inavuta kwa nguvu zote, na ndani ya handaki moshi wote unarudi kwenu. Funga dirisha kabla ya kuingia. Mkono na kamera visitoke nje, kuta za handaki zipo karibu kuliko unavyodhani.

Fundi Dizeli
Ukifika mlimani siku hiyo nyingine, sikiliza injini. Zile za kwanza za Kichina, DFH, zilitumia mfumo wa haidroliki (nguvu ya injini hufika magurudumuni kwa msukumo wa mafuta), na mlima huu uliziweza. Miaka ya 1980 zikaja U30C, ambazo dizeli inazungusha jenereta na umeme ndio unaosukuma magurudumu. Reli ikilowa, magurudumu yanateleza na injini inapiga kelele ghafla. Hapo dereva anamwaga mchanga juu ya reli ili yashike. Mvua za Desemba hadi Aprili zinaleta pia maporomoko ya udongo juu ya njia, nazo zinaweza kufunga reli kabisa. Nenda Juni hadi Oktoba, beba koti: Makambako baridi yake haina mzaha, ingawa Mlimba mtatoka jasho.

Mama Kipengere
Kamera: omba ruhusa kwa stesheni masta kabla ya kupiga picha stesheni, na ukiwaona askari wanalinda daraja, iteremshe. Kutoka dirishani kupiga mandhari hakuna neno. Daraja la mto Mpanga, lenye nguzo za mita 50 hivi, linapita upesi. Weka kasi ya shata ya kamera 1/500 ya sekunde mapema, maana ukianza kuhangaika na vitufe pale juu, umeshavuka.