Melbourne "jiji bora la kuishi": sisi wa Tarneit na Melton tumewekwa huku tuishi vipi?

Wakuu salaam. Huu ni uzi wa malalamiko kutoka pembezoni magharibi mwa Melbourne, Australia. Anayetaka kuniambia "rudi Bongo kama umechoka" apite tu. Nalipa kodi hapa, watoto wangu wanasoma hapa, nina haki ya kusema.

Kila mwaka ile orodha ya miji bora ya kuishi duniani inapotoka, magrupu yetu ya WhatsApp yanajaa picha za tramu na Mto Yarra. Melbourne ilishika nafasi ya kwanza miaka 7 mfululizo, 2011 hadi 2017, na 2025 ikawa ya nne. Hongera. Lakini mnajua kinachopimwa? Orodha hiyo hutolewa na kitengo cha utafiti cha jarida la The Economist, na moja ya kazi zake ni kuzisaidia kampuni kukadiria posho ya mfanyakazi anayehamishiwa nchi nyingine. Gharama ya maisha haimo. Kwa hiyo anayefikiriwa ni bosi aliyepangiwa fleti karibu na bustani za Carlton, katikati ya jiji. Mama anayetoka Tarneit alfajiri kuwahi zamu ya kulea wazee huko Box Hill, upande wa mashariki, hakuna aliyempima.

Jiji limevuka watu milioni 5. Mwaka 2023 ikatangazwa kwamba limeipita Sydney kwa wingi wa watu, baada ya Melton kuhesabiwa kuwa sehemu yake. Yaani watu wa Melton walihesabiwa ili jiji lipate sifa, halafu wakaendelea kupanda treni ya dizeli kama wa mikoani! Mwaka 2002 serikali ya jimbo la Victoria iliweka mpaka wa ukuaji wa jiji ili nyumba zisisambae ovyo. Mwaka 2010 mpaka huohuo ukasogezwa nje, na mashamba ya halmashauri za pembezoni za Wyndham (ndiko Tarneit iliko), Melton, Whittlesea na Casey yakageuka viwanja. Tarneit peke yake sensa ya 2021 ilikuta zaidi ya watu 56,000. Hiyo ni idadi ya mji mzima, ila huduma za mji mzima hazipo.

Nizungumzie treni, maana hapa ndipo damu inaponichemka. Stesheni ya Tarneit ilifunguliwa Juni 2015. Reli yake haina umeme, inapitisha treni za dizeli zinazotoka mji wa Geelong, kwa hiyo asubuhi treni inakufikia imeshajaa. Watu wanasimama wamebanana mpaka Southern Cross, stesheni ya katikati ya jiji, wajawazito na wazee wakiwemo. Mwaka 2018 serikali ilitangaza mpango wa reli ya magharibi na kuahidi umeme kwa njia za Melton na Wyndham Vale. Mpaka leo ni dizeli. Wakati huohuo upande wa mashariki inachimbwa reli ya chini ya ardhi ya kilomita 26 kutoka Cheltenham hadi Box Hill, stesheni 6, makadirio yanafika dola bilioni 34.5, ikamilike 2035. Siwaonei wivu watu wa Box Hill. Nauliza tu: wao tayari wana treni za umeme na tramu, kwa nini foleni ya mahitaji ianzie kwao?

Sasa mtu anaambiwa "tumia gari". Ndiyo maana kila nyumba huku ina magari mawili au matatu, siyo kwa utajiri. Asubuhi yote yanamiminika Derrimut Road na Leakes Road kwa pamoja. Unaweza kukaa muda mrefu ukijaribu kutoka tu mtaani kwenu kabla hata hujaanza safari ya kwenda daraja la West Gate la kuingilia katikati ya jiji. Ambulensi ikiitwa saa hizo ipite wapi? Hilo swali linaninyima usingizi, maana nina mtoto mwenye pumu.

Tuliponunua kiwanja mwaka 2021, kampuni iliyotuuzia ilikuwa na ramani nzuri ukutani: shule hapa, maduka pale, kituo cha basi, bustani yenye miti. Tukasaini. Riba ya benki kuu wakati huo ilikuwa asilimia 0.1, ikapanda mpaka 4.35 kufikia Novemba 2023, na marejesho yetu yakapanda nayo. Nyumba tumejenga. Pale palipochorwa maduka pana majani makavu na uzio. Shule ipo, lakini uwanja wa michezo unaliwa na madarasa ya muda yanayoletwa na malori.

Na pesa zipo, wakuu! Tangu 2010 kuna sheria inayotoza ardhi ya maeneo haya mapya mchango wa miundombinu. Anayeendeleza kiwanja analipa, na mzigo huo unaishia kwenye bei tunayolipa sisi. Mamia ya mamilioni ya dola yamewahi kukaa kwenye mfuko huo bila kutumika. Tumelipia barabara na vituo vya basi kabla ya kuviona.

Joto nalo. Magharibi ni tambarare ya mawe ya volkano, mvua ni chache kuliko mashariki na miti ni michache. Halafu tunaruhusiwa kuezeka paa jeusi juu ya paa jeusi, nyumba zimegusana, hakuna pa kupanda hata mti mmoja wa kivuli. Nyasi za asili zilizokuwepo zilikuwa miongoni mwa zilizo hatarini zaidi kutoweka Australia. Mwaka 2010 serikali iliahidi kutenga hifadhi ya hekta 15,000 kufidia. Kufikia 2020 ilikuwa imenunua kama asilimia 10 tu.

Kuna wenzetu wataingia hapa kusema "tatizo ni wahamiaji wengi". Hapana. Wahamiaji hawakuchora mpaka wa jiji, hawakutoa vibali vya viwanja, hawakuamua reli ipi ijengwe kwanza. Wale waliobaki katikati ya mji nao hawana amani: 2023 serikali ilitangaza kubomoa na kujenga upya maghorofa yote 44 ya nyumba za umma kufikia 2051, yakiwemo ya Flemington na North Melbourne walikojaa ndugu zetu wa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika.

Uchaguzi wa jimbo ni Novemba 2026 na kupiga kura ni lazima. Mgombea akigonga mlango wako, usimpe chai kabla hajajibu mawili: umeme wa reli unaanza mwezi gani, na pesa za ule mchango zimejenga nini kwenye kata yako. Mlioko Melton, Truganina, Wyndham Vale, na hata nyie wa Clyde kule kusini-mashariki, andikeni hapa chini: basi la kwanza asubuhi linapita saa ngapi, na mtoto anatembea umbali gani kwenda shule. Nataka tupeleke barua moja yenye majibu ya mitaa yote.