Pesa ya kutunzwa kwenye bendi, ni ya mwimbaji peke yake?

Besi_Isevya:
Wakuu habari za jioni. Tuna kabendi ketu hapa Tabora, watu saba, kila Jumapili tunapiga bonanza kwenye baa moja, kiingilio kinywaji chako, mwenye baa anatupa 80,000, spika za kukodi zinakula 45,000, inayobaki tunagawana 5,000 kila mtu. Kinachotuweka mjini ni kutunzwa tu. Sasa juzi kaja pedeshee mmoja wa tumbaku na wenzake, mwimbaji wetu kamtaja weee, kamtaja yeye, mke wake, mpaka shamba la Urambo, jamaa kainuka anambandika noti kwenye paji la uso moja moja, zikidondoka mpiga tumba anaziokota anamrudishia. Usiku tunafunga vyombo mwimbaji katia zote mfukoni, namuuliza ananijibu "aliyetunzwa ni mimi". Na mimi niliyesimama masaa manne kwenye kona ambako hata taa haifiki? Kwenu mnafanyaje?

Mwanga_Kgm:
Pole mzee baba. Huku Kigoma na sisi tulishataka kuvunjana kwa jambo hilo hilo. Tukaweka beseni mbele ya jukwaa, beseni la kufulia kabisa, kila noti humo. Tukimaliza tunagawa mafungu kama wavuvi wa dagaa pale Kibirizi, wao si wana fungu la mtumbwi na la injini, na sisi tuna fungu la vyombo, nyuzi zikikatika hamkopi mtu. Mwimbaji anachukua mafungu mawili. Alinuna wiki mbili akarudi 😂

Mzee wa Ng'ambo:
Vijana, mji huu umepigwa dansi na Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, marehemu Shem Karenga mwenyewe, yule mwanamuziki, alitokea kwenu Kigoma, bendi ya Lake Tanganyika Jazz, ndo akaja Tabora Jazz. Enzi hizo mpiga gitaa la solo akikung'uta ukajisikia ulikuwa unamfuata yeye na noti yako, mwimbaji kakaa pembeni anajifuta jasho. Nyie siku hizi mwimbaji anaongea majina ya watu dakika kumi, gitaa tutalisikia saa ngapi? Wewe wa besi toka huko kwenye kona. Waombe wakuachie kipande chako wengine wote wanyamaze, uone kama hutatunzwa.

Mama Kuku Choma:
Mimi ndo hao watunzaji wenyewe maana nachoma kuku nje ya baa, nikiuza vizuri naingia na 2,000 yangu, nacheza hadi mbele naiweka kwa aliyenigusa moyo. Mkiniwekea beseni sitoi, nitaona kama nalipa ushuru. Halafu mbona hamumuulizi mwenye baa? Jumapili hiyo anamaliza kreti ngapi na anawapa 80,000? Mnagombana wenyewe kwa wenyewe huku yeye anahesabu chupa.

Besi_Isevya:
Shikamoo mzee, nimekusikia, kipande nimeshaanza kukifanyia mazoezi. Mama umenigonga pabaya aisee, kwa mwenye baa tunaenda kesho wote saba. Beseni nimenunua ila mwimbaji kashapata habari, anasema Jumapili anakuja na shati la mifuko minne.